Kitabu cha Ubatizo na Programu Iliyo Wazi

"Frateri, umesema hiyo programu iko wazi kwa kila mtu. Sasa na majina ya watoto wetu nayo yatakuwa wazi?"

Aliyeuliza ni mama mmoja wa halmashauri ya walei, katika parokia ya Muleba nilikotumwa kwa kazi za kichungaji wakati wa likizo. Wajumbe wengine walicheka kidogo. Yeye hakucheka. Kikao kilichukua saa tatu, sehemu kubwa ikiwa ni habari ya bati za kigango, lakini kwangu mimi swali zito la siku ile lilikuwa hilo.

Paroko alitaka vitabu vya ubatizo vinakiliwe kwenye kompyuta. Vijana wetu wengi wako Mwanza na Dar es Salaam, wengine Kampala. Wakitaka kufunga ndoa hupiga simu kuomba cheti cha ubatizo, na katekista anapekua vitabu vya miaka kumi kutafuta jina la mtu ambaye hata mwaka aliobatizwa haujui. Ofisini kulikuwa na kompyuta moja ya mezani, ya msaada, yenye Windows ya kunakili isiyo na leseni wala masasisho, na flashi za kila aina zilichomekwa humo. Nilipendekeza tufute kila kitu tuweke Ubuntu na LibreOffice, ambazo ni programu huria. Katika kueleza ndipo nikatumia neno "wazi", na mama akalishika.

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani, yaani msimbo, yanaruhusiwa kusomwa, kurekebishwa na kugawiwa na yeyote. Linux ilianza hivyo mwaka 1991, pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alipoweka kazi yake hadharani ili wengine waiboreshe. Wala si jambo geni kwa Kiswahili: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa huria, hakukuwa na haja ya kumbembeleza mwenye mali.

Lakini hayo yote hayamjibu mama. Yeye hakuuliza nani aliandika programu. Aliuliza nani atasoma kitabu.

Na ana haki ya kuuliza. Tunaoishi seminarini tunazoea kukiona kitabu cha ubatizo kama orodha ya majina na tarehe, kumbe kina mambo mazito. Kanuni ya 877 ya Sheria za Kanisa inaeleza jinsi ya kumwandika mtoto wa mama asiyeolewa: jina la baba linaingia tu ikiwa kuna hati ya serikali, au baba mwenyewe akiri mbele ya paroko na mashahidi wawili. Kwa hiyo ziko nafasi zilizoachwa tupu, na katika kijiji ambako kila mtu anamjua mwenzake, nafasi tupu inasomeka kuliko jina. Pembeni huandikwa pia ndoa, na kupangwa kwa mtoto ikiwa alilelewa na wasio wazazi wake wa damu. Mama yule hakusema kwa nini anauliza, nami sikumdadisi.

Nilimjibu kwa mfano wa kufuli. Fundi yeyote wa Muleba mjini anajua kufuli linavyofanya kazi ndani, na linauzwa dukani kila mtu akiona. Mlango wako hauko salama kwa sababu fundi hajui kufuli. Uko salama kwa sababu hana ufunguo wako. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha aliyeishi Ufaransa, aliandika jambo hilohilo kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi: mfumo uwe salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, siri ibaki ni ufunguo peke yake. Mfumo unaotegemea watu wasijue ulivyoundwa unakufa siku mtu mmoja anapojua.

Kisha nikakumbuka kwamba Kanisa lenyewe linafanya hivyo. Kanuni ya 487 inasema hifadhi ya nyaraka za jimbo ifungwe, na ufunguo wawe nao askofu na kansela tu. Kanuni ya 490 inasema ufunguo wa hifadhi ya siri awe nao askofu peke yake. Sheria hiyo imechapwa, muumini yeyote wa Bukoba anaweza kuisoma. Utaratibu uko hadharani, yaliyomo yamefungwa. "Basi ufunguo wa huko atakuwa nao nani?" mama akauliza tena. Hapo nikajua ameelewa kuliko wengi wetu.

Tuliifanya kazi hivi. Wakati wa kuweka Ubuntu tulichagua diski nzima isimbwe, ili mwizi akiibeba kompyuta apate chuma tu. Kila mhusika ana akaunti yake, na hakuna anayefanya kazi za kila siku kwa akaunti ya msimamizi. Fayawoli inakuja na Ubuntu lakini imezimwa, lazima uiwashe mwenyewe. Amri ni fupi, "sudo ufw enable", na tangu hapo hukataa yeyote anayejaribu kuingia kutoka nje. Waifai ambayo vijana wa kwaya huitumia baada ya Misa tuliitenga na ofisi kwenye ruta, na nywila ya kiwandani ya ruta, ambayo ilibandikwa mgongoni mwake, tukaibadilisha. Flashi zilizopita steshenari hazigusi kompyuta hiyo. Jirani kuna parokia, sitaitaja, ambako virusi vilifunga mafaili yote na kudai malipo. Waliponea kwenye vitabu vya karatasi, na kwa hiyo vyetu havikutupwa wala havitatupwa.

Nywila ilitusumbua kuliko mashine. Ya kwanza ilikuwa jina la somo wa parokia na mwaka wa kuanzishwa kwake, vitu ambavyo mtoto wa Mafundisho ya Komunyo ya Kwanza anavijua. Tukahamia maneno sita ya Kihaya yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa kura ya vikaratasi. Nguvu yake iko katika urefu na katika bahati nasibu ile. Kihaya chenyewe si siri, nusu ya Kagera inakizungumza.

Nakala rudufu ziko mbili, katika diski zilizosimbwa, na moja inakaa Bukoba. Wanaokumbuka tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lilipoangusha nyumba mjini, hawahitaji kuelezwa kwa nini nakala zisikae chini ya paa moja. Paroko akienda Bukoba kwenye mikutano ya mapadre hubeba diski na kurudi na nyingine. Tulijaribu pia kurejesha data kutoka kwenye nakala hadi kompyuta nyingine, maana nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Niliporudi seminarini nilimsimulia mwalimu wetu wa mantiki. Akanibana palepale: "wengi wanaweza kuusoma msimbo" si sawa na "wengi wanausoma". Ni tofauti ya Aristotle kati ya uwezekano na utendaji. Ana hoja. Kasoro iliyoitwa Heartbleed ilikaa katika OpenSSL, programu huria inayotumika dunia nzima, tangu 2012 hadi ilipotangazwa Aprili 2014. Na mwaka 2024 mtu aliyejiita Jia Tan, baada ya miaka miwili ya kusaidia kwa upole na kuaminiwa, alipenyeza mlango wa siri katika programu ndogo iitwayo xz. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa kuwa kuingia kwenye mashine zake kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, akataka kujua kwa nini. Aliweza kufuatilia kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, lakini uwazi peke yake haukumgundua Jia Tan. Mtu aligundua. Mtakatifu Tomaso anaweka tahadhari kati ya sehemu za busara, nami sasa naona ofisini inafanana na nini: ni katekista anayesasisha programu kila Jumatatu bila kukumbushwa.

Lipo moja ambalo hatujalimaliza. Nywila ya msimamizi iko katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya sefu ya parokia, na paroko anasikia tetesi za uhamisho. Mrithi wake akikabidhiwa vitabu, mihuri na funguo, je, bahasha itatajwa katika hati ya makabidhiano? Fomu tunayotumia ina mistari ya kalisi, mavazi, pikipiki na mifugo. Ya nywila haina. Paroko ameandika mstari mmoja kwa kalamu chini ya ule wa mifugo, na anasubiri jibu la jimbo kama unakubalika.