Kwa Somoe, Kuhusu Hiyo Kahawa ya Kupunguza Mwili

Newala, Agosti

Mpwa wangu Somoe,

Mama yako magoti yanamsumbua lakini shambani anakwenda. Mikorosho imeanza kutoa maua, ingawa salfa ilichelewa kutufikia. Harusi ya Kitangari ilifana. Hukuja, na hayo tutayazungumza siku nyingine.

Nimekaa kuandika kwa sababu ya habari aliyoniletea kondakta wa basi. Anasema ulianguka Mbagala Rangi Tatu ukisubiri daladala, watu wakakumwagia maji usoni. Nikamuuliza mama yako, akaniambia ni joto. Joto gani la mwezi wa nane? Nikamshika mdogo wako, huyu anayesomea uuguzi Ndanda, na yeye hajui kusema uongo. Ndiye aliyeniambia habari ya kahawa ya kupunguza mwili. Kwamba unakunywa asubuhi na jioni, chakula chako ni yai na tango, na ukiulizwa unajibu: metaboli yangu imekufa tangu nijifungue, kahawa inaiamsha.

Mjomba wako si daktari. Lakini nimekula chumvi nyingi nyuma ya mizani, na katika miaka yote niliyokuwa karani wa chama cha msingi hakuna mkulima aliyesimama mkutanoni akasema nimemwibia kilo. Wenzangu walijenga nyumba za bati kwa kidole cha kusogezea mizani. Mimi nilitoka na baiskeli. Kwa hiyo nikisema habari za uzito, nisikilize.

Mdogo wako alinionyesha picha ya boksi. Limeandikwa kilo saba kwa siku saba. Nikachukua kalamu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori 7,700 hivi, kwa hiyo kilo saba ni 53,900. Mwanamke wa umbo lako, kwa kupumua, kulala, kufua na kugombania daladala, tuseme anatumia kalori 2,200 kwa siku. Ukifunga mdomo wiki nzima usionje hata uji, umetumia 15,400. Hizo ni kilo mbili za mafuta. Tano zilizobaki zinatoka wapi?

Najua zinakotoka, maana nimewahi kuzipima kwa mkono wangu. Nilipokuwa ghalani Masasi, mke wa mwenye duka moja la vitenge alikuwa akija Jumamosi kupima uzito. Mizani za bafuni hakuziamini. Alitaka ya kwetu, ile ya jukwaa, yenye kijiwe cha shaba kinachotembea juu ya mkono wa chuma. Anavua ndala, anampa binti yake mkoba, anapanda katikati ya magunia, na wapagazi wanageukia ukutani kwa heshima. Mimi nasogeza kijiwe taratibu mpaka mkono utulie. Mara ya kwanza ulitulia kwenye 91. Alikuwa ameanza chai fulani ya majani, na harufu yake niliijua: sanamaki, ile ile bibi yako aliyotupa tukiwa wadogo tumbo likifunga. Jumamosi iliyofuata ikasoma 88. Nyingine 86. Siku hiyo alishuka akipiga vigelegele, wapagazi wote wakanunuliwa soda.

Nikamwambia neno la ghalani: mama, huo ni unyaufu. Unajua mwenyewe, Somoe, umekulia kwenye korosho. Gunia likiingia na unyevu linasoma kilo 80; likikaa linasoma pungufu, na ukilifungua nati zote zimo. Kilichoondoka ni maji. Hakunielewa, au alinielewa akachukia. Wiki iliyofuata sikumwona. Usiku misuli ya miguu ilimkaza akapiga kelele mpaka jirani, moyo ukawa unaruka mapigo, akakimbizwa hospitali. Anayeharisha hatoi maji matupu. Anatoa na chumvi na potasiamu, na moyo unapiga kwa madini hayo. Wakamtundikia dripu. Alipopona akaja kutusalimu, akataka kupanda tena. Kijiwe kikatulia kwenye 90. Mafuta hayakuwa yameguswa. Maji yalikuwa yamerudi nyumbani. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesogeza vibaya. Jicho lile linaniuma mpaka leo, kuliko kutoka na baiskeli tu.

Yako lakini ni kahawa, utasema, haikuharishi. Hapo ndipo hofu yangu inapozidi. Mdogo wako anasema hupati usingizi, mdomo unakukauka na moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa. Ipo dawa inaitwa sibutramini, ilikuwa ikiuzwa kwa kukata hamu ya kula. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Haikuisha duniani. Wakaguzi wa dawa wameikuta mara nyingi imechanganywa kwa siri ndani ya kahawa na chai za kukondesha, na kwenye boksi imeandikwa mitishamba tu. Sisemi kwamba yako inayo. Nasema aliyekuuzia hawezi kuapa kwamba haina, na wewe ulianguka Rangi Tatu.

Kuhusu hiyo metaboli, kwanza haifi mtu akiwa hai. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya watu 6,421 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wa siku nane hadi wazee wa miaka 95. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya kalori yanabaki pale pale kuanzia miaka 20 hadi 60. Baada ya hapo ndipo yanaanza kuteremka polepole. Wewe una 33. Wa kulalamika ni mimi.

Aliyeongoza kazi hiyo, Mmarekani Herman Pontzer, alikuwa ameshafika kwetu Tanzania kabla, kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Unajua maisha yao: mwanamume anatembea na upinde kutwa, mwanamke anachimba mizizi na mtoto mgongoni. Akawanywesha watu wazima 30 maji yenye alama za kitaalamu, akapima mikojo yao, akajua mwili umetumia kiasi gani. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Ukilinganisha watu wa umbo sawa, Mhadzabe hatumii kalori nyingi kwa siku kuliko Mmarekani anayekwenda kazini kwa gari. Mwili una namna ya kubana huku unapotumia kule.

Niliposomewa hayo nilimkumbuka bibi yako. Kabla bomba la mradi wa Makonde halijafika kwao, alikuwa akiteremka bondeni alfajiri na mtungi, anapandisha mlima jua limeshatoka. Alikuwa mwembamba mpaka anakufa, na sisi tulisema ni ile njia. Sasa nafikiri tulikuwa tunatazama miguu badala ya sahani. Chakula chake kilikuwa ugali wa makopa, kisamvu cha chumvi, na ming'oko miezi ya njaa. Mafuta aliyaona siku ya harusi. Kwako Mbagala kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120, soda ya nusu lita ni zaidi ya 200, na chipsi mayai unaijua. Hata korosho ninazokutumia, gramu 100 zina kalori 550 hivi. Zile ni za mwezi, si za kutafuna ukitazama tamthilia. Kutembea usiache, kunafaa moyo na presha, ila usikutegemee kufuta sahani.

Basi ukiniuliza ni metaboli au ni chakula, najibu ni chakula. Lakini usikimbilie hapo ukaniambia ndiyo maana unakula tango. Kule Marekani kulikuwa na mashindano ya televisheni ya kukonda, watu wanateremka makumi ya kilo kwa miezi michache. Mtafiti Kevin Hall aliwapima washindani 14 baada ya miaka sita, akachapisha mwaka 2016. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na miili yao ilikuwa bado inatumia kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa umbo lao. Ukiubana mwili kwa pupa, nao unakubana. Metaboli uliyoambiwa kahawa inaiamsha, njaa ya tango ndiyo inayoilaza. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Haina vigelegele, najua.

Kama ni mumeo aliyesema umenenepa, mwambie aje aniambie mimi, mjomba, na akija aje na salio la mahari. Huku alipokuchukua, mke akinenepa tulisema mume anatunza.

Nimesikia pia umechukua mkopo wa kausha damu ili ununue maboksi ya kahawa hiyo ya kuuza. Ulipe huo kwanza, hata kwa kuuza simu. Uji wa mtoto usiupunguze kwa sababu ya mwili wako wewe. Na usiwe unafunga kufidia ulichokula jana. Funga ina nia yake.

Ninachokuomba ni hiki. Kahawa iache leo, si boksi likiisha. Kesho nenda kituo cha afya na boksi lako mkononi, waeleze ulianguka, wakupime presha, damu na sukari, wausikilize moyo. Waombe wapime na tezi ya shingo, maana hiyo ikilegea kweli inapunguza matumizi ya mwili, na ina dawa yake ya hospitali. Ikionekana nzima, neno metaboli lisitoke tena mdomoni mwako. Maboksi yaliyobaki usimuuzie mtu wala usimgawie. Yapeleke ofisi ya TMDA, mamlaka ya dawa, wao ndio wenye kazi hiyo.

Nauli ya kwenda kituoni nimempa kondakta yule yule, yuko njiani na barua hii. Nipigie Ijumaa baada ya swala, wewe mwenyewe, usimtume mama yako kunijibu.

Mimi mjomba wako,
Newala.