Risasi kumi na tatu

Bastola ya kushindilia haikubali haraka. Kila mlio una kazi inayoutangulia: kuusimamisha mtutu utazame juu, kumwaga ndani yake baruti iliyopimwa tangu nyumbani katika kichupa kidogo, kuweka mdomoni kipande cha kitambaa chenye mafuta na juu yake risasi ya duara, kuisukuma kwa mdeki mpaka ikalie baruti bila kuacha nafasi, kuuelekeza mtutu kwenye shabaha, na mwisho kabisa kuvika fataki. Ndipo unapovuta nyundo nyuma.

Watu wanaoupenda mchezo huu wana kamati yao ya kimataifa, MLAIC, iliyoundwa mwaka 1971. Katika mashindano mpigaji anasimama meta 25 toka shabaha, bastola katika mkono mmoja, na anapewa dakika 30 kwa risasi 13. Zinahesabiwa 10 zilizo bora. Duara la katikati, lenye pointi 10, lina upana wa sentimeta 5. Mashindano yenyewe yamepewa majina ya mafundi wa zamani: bastola za gumegume ni Cominazzo, ukoo wa wafua mitutu wa Gardone, Italia, bastola za fataki ni Kuchenreuter, ukoo wa Ujerumani, revolva ni Mariette, fundi wa upande wa Liège, Ubelgiji.

Ni huko Liège nilikouona mchezo huu, wakati wa miezi minne ya masomo. Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya kiwandani, alinialika siku ambayo klabu yake inapokea wageni. Nilikubali kwa ajili ya maneno, si kwa ajili ya silaha, kwa kuwa kazi yangu ya kumaliza masomo ilihusu msamiati wa bunduki katika Kiswahili.

Sisi wa lugha tunayakuta maneno hayo katika kamusi kama mifupa ndani ya kabati. Gumegume ni bunduki inayowashwa kwa jiwe. Leo kule pwani mume gumegume ni mume asiye na faida. Fataki ni kikofia cha shaba kinacholipuka kikigongwa na nyundo. Leo ni milipuko ya sikukuu, na Tanzania ni mwanaume mtu mzima anayewanyemelea wasichana wa shule. Kibiriti, kabla ya kuwa kisanduku cha njiti, ni ule unga wa njano unaochanganywa na shura na makaa ili kupata baruti: katika sehemu 100, shura ni 75, makaa 15, kibiriti 10. Risasi ni jina la madini kwanza. Sisi tumeigeuza kuwa masasi. Mengi ya maneno hayo yalitufikia Maniema kwa njia ya misafara, pamoja na bunduki zenyewe, enzi za Hamed bin Muhammed, ambaye jina lake la Tippu Tip, inasemekana, linaiga mlio wa silaha zake. Pale uwanjani mifupa ile iliamka yote. Mzee alitaja kila kitu kwa Kifaransa, nami nikawa najibu moyoni: mdeki, mtutu, fataki.

Lakini kabla ya maneno kulikuwa na mlio. Mlio wa bunduki ninaoujua mimi ni ule wa mfululizo, na kila mtu wa umri wangu kwetu anajua cha kufanya akiusikia: kulala chini, kisha kutafuta njia ya msitu. Huu ulikuwa mmoja, mzito, kama mlango mkubwa uliofungwa na upepo. Ukafuata moshi mweupe wenye harufu ya yai bovu, halafu kimya. Mwili wangu ulingojea mlio wa pili, wa tatu. Haukuja. Yule aliyepiga alikuwa anatafuta miwani yake.

Mzee aliniwekea bastola yake mikononi, ikiwa tupu. Ilikuwa ya fataki, ya karne ya 19. Kwenye mtutu kulikuwa na alama ndogo: herufi E, L, G na nyota chini yake, ndani ya duara lenye umbo la yai. Ni mhuri wa ofisi ya Liège ambayo kazi yake ni kujaribu mitutu kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla haijauzwa. Herufi hizo nilizifahamu kabla ya kuweza kusoma sentensi nzima. Zilikuwa kwenye gobori la babu yangu. Nilipokuwa darasa la kwanza nilizisoma moja moja kwa kidole, nikamwuliza ni jina la nani. Alijibu: «La yule aliyelifua.»

Basi aliyelifua aliishi mji huu, na mimi nilikuwa nimesimama ndani yake. Mafundi wa Liège waliuza bunduki nyingi Afrika, na sheria pia ilichagua ni zipi zitufikie. Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, mataifa yalitia sahihi mkataba wa kupinga biashara ya watumwa. Mkataba huohuo ulizuia kuingiza silaha za moto katika Afrika toka digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini, ila uliacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizochongwa michirizi ndani ya mtutu, na kwa baruti duni iliyoitwa baruti ya biashara. Wakati huo askari wa Leopold II, wale wa Force Publique, walikuwa wanabeba Albini, bunduki inayopokea risasi kwa nyuma. Dakika zile za kushindilia, ambazo mzee alikuwa amenisifia kama utulivu wa roho, kwa mababu zetu zilikuwa mpaka uliochorwa na wengine: huyu apige mara moja, yule apige mara nyingi.

Nilimwambia hayo. Hakubisha wala hakujitetea. Alisema hakuwahi kujiuliza bunduki zilizofuliwa mtaani kwao zilikwenda wapi. Kisha akauliza: «Unapenda kupiga, au tuache?»

Lilikuwa swali la haki, nami nililifikiria. Kukataa kulikuwa rahisi. Ningerudi na daftari langu na mikono safi. Lakini daftari lisingeniambia mkono wa babu ulikuwa unajua nini. Nikasema ninapenda.

Nilipiga risasi 13, mzee akisimama begani kwangu. Kilo moja hivi ya chuma na mti inakuwa mzigo baada ya sekunde kumi, mkono ukiwa umenyooshwa. Pumzi inaitikisa, hata moyo unaitikisa. Fataki inalia kwanza, baruti inafuata, na kati yao kuna nafasi nyembamba ambamo mkono usiotulia unajulikana. Kwenye ya nane fataki ililia peke yake. Mzee alinishika kiwiko: usigeuke, mtutu ubaki kwenye shabaha, moto unaweza kuwa unalala ndani. Tulihesabu pamoja mpaka 60. Nikavika fataki nyingine, ikaondoka. Hesabu ya mwisho ilikuwa pointi 61. Halafu tulikwenda kuosha kwa maji ya moto na sabuni, sababu zaidi ya nusu ya baruti nyeusi ikiungua haigeuki hewa. Inabaki kama masizi na chumvi, na usiposafisha siku hiyohiyo inaanza kula chuma.

Nilichojifunza kinaweza kusemwa kwa maneno machache. Bunduki hii inakupa nafasi nyingi za kuacha. Unaweza kuacha kwenye baruti, kwenye kitambaa, kwenye mdeki, kwenye fataki, na kila mara unaendelea kwa kuwa umeamua tena. Zile zinazotembea kwetu zinauliza mara moja tu, kidole kinajibu, na risasi 30 zimekwisha. Sisemi kwamba silaha ya polepole ina roho nzuri. Watu wa misafara walichoma vijiji vya Maniema kwa bunduki za kushindilia, wakiamua tena na tena. Polepole haimzuii aliyekwisha kukata shauri. Inamnyima tu sababu ya kusema kwamba hakuwa na wakati wa kufikiri.

Jioni nilimpigia babu simu. Gobori lake halionekani tena. Alilifukia shambani mwaka ule watu wa silaha za mfululizo walipoingia kijijini, kwa sababu aliyekutwa na bunduki alihesabiwa mpiganaji, na gobori lisingeweza kumkinga hata kwa dakika moja. Mpaka leo hajalifukua. Alisikiliza habari yangu yote bila kukatiza, akauliza baruti ilikuwa kiasi gani, na kama fataki zote zilishika.

«Ya nane ilikataa, babu.»

«Ukangojea?»

«Nilingojea.»

«Vizuri. Sasa ulipiga nyama gani?»

«Karatasi.»

Alicheka mpaka akakohoa. «Risasi kumi na tatu kwa karatasi! Kwa kumi na tatu, mjukuu wangu, mimi nililisha nyumba hii mwaka mzima.»