Wetzlar, Mji wa Hudi Niliyoitafuta

Treni kutoka Frankfurt hadi Wetzlar huchukua kama saa moja. Ilikuwa Oktoba na ndiyo mara yangu ya kwanza kukanyaga Ujerumani. Begani nilikuwa na Leica M2 na lenzi zake mbili, Summaron ya milimita 35 na Summicron ya milimita 50, zote zikiwa hazina hudi, kile kikinga mwanga kinachovishwa mbele ya lenzi. Dar es Salaam nilikuwa nimeuliza kila fundi kamera ninayemfahamu, nikakosa. Nikaona heri niende zilikotoka.

Wetzlar ni mji mdogo uliokaa kando ya mto Lahn, nyumba zake za mbao na chokaa zikiwa zimepanda mlima hadi kwenye kanisa kuu ambalo halikumalizwa kujengwa. Kabla ya kutafuta duka nilipanda kwanza Eisenmarkt. Hapo ndipo Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz, alipopiga picha mwaka 1914 kwa kamera ya majaribio aliyoiunda mwenyewe, ndogo ya kuingia mfukoni, yenye kutumia filamu ya sinema. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kamera iliyotokana na hiyo, Leica, iliingia sokoni mwaka 1925, na mwaka 1932 ikaja Leica II, yenye kipima umbali kilichounganishwa na lenzi. Kamera za namna hiyo ndizo tunazoziita renjifainda.

Hapo Eisenmarkt nilijifunza jambo ambalo pwani lilikuwa halijanisumbua. Kwetu jua la mchana hukaa utosini, na lenzi huwa inatazama mbele, kwa hiyo miale haiiingii moja kwa moja. Wetzlar, mwezi huo, hata saa sita mchana jua lilikuwa limeinama juu ya mapaa, likinipiga ubavuni kila nilipogeuka. Mwanga wa namna hiyo ukigonga kioo cha mbele cha lenzi, hasa lenzi ya zamani ambayo utando wake si kama wa siku hizi, husambaa ndani na kuipausha picha: weusi unageuka kijivu. Anayetumia kamera ya kioo cha kuakisi huliona jambo hilo kwa macho yake, kwa kuwa anachungulia kupitia lenzi yenyewe. Mwenye renjifainda anachungulia kwenye dirisha lake la pembeni, na dirishani kila kitu ni safi. Uharibifu anaukuta filamu ikishasafishwa. Ndiyo maana kwetu sisi hudi si pambo.

Duka la kamera kuukuu nililipata kwenye kichochoro. Mwenye duka, mzee mmoja mpole, hakuniuliza nataka ya bei gani. Alinyoosha mkono kuiomba kamera, akanitolea sanduku la hudi, akaniacha nijaribu.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, nzuri ya kutazama, iliyotengenezwa kwa lenzi ya milimita 50. Nikaivisha, nikachungulia: pembe ya chini kulia ya fremu ilikuwa imemezwa na chuma cheusi. Dirisha la M2 liko juu, kushoto kwa lenzi, kwa hiyo chochote kinachochomoza mbele hujitokeza pembe hiyo. Mzee akaniashiria nizungushe lenzi niilenge meza, umbali wa mita moja hivi. Mistari ya fremu, ile inayoonyesha dirishani mipaka ya picha, ikateremka na kusogea kulia, kama ilivyoundwa kufanya kitu kinapokuwa karibu, ikaangukia palepale penye hudi. Kwa mbali ilikuwa imekula pembe tu. Kwa karibu ikala uso mzima wa mtu aliyekaa upande huo. Na ukiivisha kwenye lenzi ya 35, ambayo inaona upana mkubwa zaidi, pembe za picha yenyewe zitaingia giza.

Nyingine zilikuwa na matundu yaliyokatwa ubavuni ili jicho lipenye. Hizo zinasaidia, ingawa kule kuchungulia kama kati ya nondo kunanichosha.

Kisha akanipa IROOA, hudi ya zamani ya Leitz iliyokusudiwa lenzi za 35 na 50. Ni fupi, ina umbo la faneli, rangi nyeusi ya kufifia. Unabana vibonyezo viwili ubavuni, unaisukuma, inanasa kwenye ukingo wa lenzi kwa mlio mdogo. Haigusi hesi za ndani, kwa hiyo filta inabaki mahali pake. Ukimaliza kazi unaigeuza nyuma mbele, inailalia lenzi, na kamera inaingia mkobani. Pembe ya dirisha bado iliguswa kidogo, lakini nyuso zilionekana. Ikakaa kwenye Summaron, ikakaa kwenye Summicron. Kwa lenzi ya 50 kinga yake ni ndogo kuliko ya ile ndefu, nami niliukubali upungufu huo kwa moyo mweupe, maana hudi moja inayokaa kwenye lenzi kila siku ina faida kuliko mbili zinazobaki nyumbani.

Nikailipia. Jioni nilipiga filamu nzima kwenye daraja la zamani la Lahn, jua likiwa ubavuni.

Ewe unayetafuta hudi ya renjifainda, usiinunue kwa picha wala kwa sifa. Nenda na kamera yako na lenzi yako, ivishe, lenga kitu kilicho karibu, kisha tazama pembe ya chini kulia kabla hujatoa pesa.