Nati za Upande wa Kushoto

Mimi ni mwalimu wa kujitolea hapa kambini, wa darasa la nne. Wengi mnanijua kama mtoto wa yule mzee anayetengeneza baiskeli za majirani chini ya mwembe. Mwezi huu sitaandika habari za masomo. Nataka kuandika habari za gari la Papa, kwa sababu kuna neno ambalo watu wa Baraka walio hapa wanalisema juu ya gari lile, na neno hilo si la kweli. Anayejua ukweli ni mimi.

Sisi tulikuwa tunakaa Baraka, huko Fizi, Kivu ya Kusini. Papa alikuwa na lori moja tu, Fuso la zamani lenye usukani upande wa kulia. Yeye ndiye alikuwa dereva, yeye fundi, yeye karani. Barabara yake ilikuwa National 5, kutoka Baraka mpaka Uvira, kama kilomita 90 kandokando ya Ziwa Tanganyika. Kwenda tulikuwa tunapakia mihogo mikavu, mawese na ndagala. Kurudi tunapakia chumvi, sukari, sabuni na saruji. Mtu akisikia kilomita 90 anaona ni karibu. Lakini wakati wa mvua ile mito inashuka kutoka milimani na kula barabara, safari ya siku moja inageuka kuwa ya siku tatu, na humo ndani unalala kwenye matope na kula mihogo ya wateja kwa kuandikiana deni.

Papa alikuwa na maneno yake: "Mwenye magari kumi, moja likilala, tisa yanakwenda. Mwenye gari moja, likilala, na watoto wake wanalala njaa."

Kwa sababu hiyo alikuwa na makopo manne ya maziwa ya unga, anayaficha chini ya kitanda. La kwanza la dizeli, la pili la tairi, la tatu la spea na oili, la nne la nyumbani. Kila akirudi safari alihesabu makuta na kuyagawa kwa utaratibu huo huo. Mama alikuwa analalamika, kwa nini nyumba iwe ya mwisho? Papa alimjibu, "Hayo matatu ndiyo yanayolisha la nne." Mimi nilidhani ni ubahili tu. Sasa nafundisha hesabu, nimemwelewa. Tairi haliishi siku linapopasuka. Linaisha kidogo kidogo, kila kilomita linakatwa kipande ambacho hukioni. Mwenye gari asiyeweka makuta ya tairi anasema amepata faida, kumbe anakula tairi lake mwenyewe, na siku likipasuka anakwenda kukopa.

Ufundi wenyewe alijifunza kwa kuwa utingo wa watu wengine miaka mingi. Fundi wa kuitwa njiani anakula faida ya safari nzima, kwa hiyo Papa alikuwa anafanya mwenyewe kila kitu alichokiweza. Alibadilisha oili na chujio kwa wakati. Kila asubuhi alifungua kichujio cha dizeli chini, amwage maji yaliyotuama. Dizeli ikikatika njiani na hewa ikaingia kwenye mabomba, mlikuwa mnaweza kumsukuma mpaka kesho, halitawaka. Yeye alilegeza skrubu ndogo pale juu, akapampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke safi, akaikaza, akawasha. Springi ikivunjika aliweka ubao na kuifunga kwa mpira wa tairi la ndani, atembee polepole mpaka nyumbani. Lakini pampu ya dizeli ikitaka kupimwa, hakuigusa. Aliifungua, akaifunga kwenye kitambaa safi kama mtoto, akaipeleka Bujumbura kwa wenye mashine. Aliniambia, "Na kujua mikono yako inafika wapi ni ufundi."

Sasa nifike kwenye nati.

Magurudumu ya nyuma ya lori yanakaa mawili mawili. Kwenye Fuso lile, la ndani lilikuwa na nati zake na la nje nati zake. Ukitaka kukaza za ndani, lazima kwanza ulegeze za nje, ukaze za ndani, halafu urudie za nje. Tena nati za upande wa kushoto zilikuwa zinakazwa kinyume, unazungusha kama mtu anayefungua. Ni kazi ya kutoa jasho, na spana lazima uirefushe kwa bomba la chuma. Na Papa alikuwa na sheria moja: ukibadilisha gurudumu, tembea kidogo, simama, kaza tena. Gurudumu likibeba mzigo na kutikisika, linajipanga upya, na nati iliyokuwa imekaza inalegea.

Mwezi wa nane mwaka 2014 nilikuwa na miaka 14, tuko likizo, nimekwenda na Papa kama utingo. Tumetoka Baraka tumejaa mihogo na bidoni za mawese, na juu ya mzigo wamekaa wafanyabiashara. Kabla ya kufika Mboko tukapata pancha nyuma kushoto. Tukabadilisha. Tulipofika Mboko Papa akasimama kuongea na mteja, akanituma, "Kaza zile nati, za ndani na za nje."

Mimi nilikuwa nimechoka, na pale kando ya barabara vijana wa rika langu walikuwa wanacheza mpira. Nilichukua spana, nikagonga nati moja moja ili Papa asikie mlio. Ko, ko, ko. Halafu nikapiga kelele, "Papa, tayari!" Nikaenda kutazama mpira.

Tulipokaribia Makobola tukasikia mgongo wa gari unagonga. Papa akasema labda springi, akaanza kupunguza mwendo. Hakuwahi kusimama. Gurudumu la nje lilichomoka, likatupita, likateremka mpaka ziwani. La ndani likabaki na mzigo wote peke yake, likapasuka. Gari likainama kushoto, bidoni zikamwagika, na watu nao. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Lakini mama mmoja alivunjika mkono. Bado nasikia alivyolia.

Papa alipiga magoti akatazama boliti. Nyingine zimekatika, nyingine zimesagika. Matundu ya rimu yalikuwa yamepanuka kama yai. Akaniuliza mara moja tu, "Ulikaza?" Nikajibu, "Nilikaza, Papa." Hakuniuliza tena.

Kopo la tairi lililipa hospitali ya yule mama. Kopo la spea lililipa mawese ya watu. Halafu kikaja kitu ambacho hakina kopo, yaani jina. Pale sokoni Baraka wakaanza kusema kwamba gari la mzee huyu ni bovu, analifunga kwa mpira na mbao, anaua watu ili asimlipe fundi. Wateja wakahamia kwa wengine. Tukawa tunakwenda Uvira na nusu ya mzigo, na dizeli haikuambii kwamba leo una nusu ya mzigo nikupunguzie. Papa hakumjibu mtu. Nami nilinyamaza.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 vita ikatutoa, tukavuka ziwa mpaka Kigoma. Kabla ya kuondoka Papa alilipandisha lile gari juu ya mawe ili matairi yasioze kwa kukaa chini, akachomoa betri, akafunga milango. Baadaye tulisikia kwamba imebaki chesisi tu. Ufunguo bado anao, ameufunga kwenye kamba moja na spana zake za baiskeli.

Sasa mtaniuliza, miaka yote hiyo, kwa nini nimeamka leo?

Muhula uliopita mzazi mmoja alinifuata darasani akiwa na kaye ya mtoto wake. Aliongea kwa heshima kabisa. "Mwalimu, humu umeweka alama ya vema kila ukurasa. Asante. Lakini mtoto wangu hajui kusoma hata jina lake." Nilichukua kaye nikatazama. Mtoto alikuwa ananakili herufi za jirani yake, nyingine zimegeuka, nyingine si herufi. Na wino wangu mwekundu uko pale, vema, vema, vema. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya mia moja, hiyo ni kweli, na mchana njaa inauma, hiyo pia ni kweli. Lakini nilijua nilichofanya. Nilikuwa nagonga nati ili mlio usikike.

Jioni ile nilikwenda pale chini ya mwembe nikamwambia Papa yote, ya Mboko na ya Makobola. Alikuwa anapampu tairi la baiskeli, hakusimama. Aliposhiba kulijaribu kwa kidole ndipo akasema, "Nilijua siku ile ile. Matundu ya rimu hayasemi uongo."

"Sasa mbona hukuwaambia watu?"

"Niwaambie nini? Kwamba roho za watu nilimwachia mtoto, mimi nikaenda kupiga maneno na mteja? Kukaza unaweza kumtuma mtoto. Kukagua humtumi mtu. Gari lilikuwa langu." Halafu akaongeza, "Yule mama yuko hapa hapa kambini. Mimi nilishamwomba radhi. Wewe bado."

Nilikwenda siku ya tatu, kwa sababu siku mbili za kwanza nilifika karibu na nyumba yake nikarudi. Mkono wake haukunyooka vizuri mpaka leo, ndoo ya maji anaibeba kwa upande mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya muda mrefu, mpaka nikataka kuondoka. Akasema, "Mwanangu, miaka yote hii nimesema baba yako ni mtu wa gari bovu. Nimesema Baraka, na nimesema hapa kwenye foleni ya maji. Mimi siwezi kuzunguka kambi nzima kurudisha maneno. Wewe unajua kuandika. Andika."

Ndiyo sababu naandika, na yeye amekubali habari hii isomwe.

Basi ndugu zangu wa Baraka, na wote mliolisikia neno lile: gari la Papa halikuwa bovu. Oili ilikuwa mpya, breki zilikuwa zinashika. Ule mpira na mbao ilikuwa ni kufikisha gari nyumbani, kesho yake springi inatengenezwa. Lililotokea Makobola ni kwamba nati za upande wa kushoto hazikukazwa mara ya pili, na mtu ambaye hakuzikaza ni mimi.

Vijana wenzangu mnaojifunza ufundi, wa cherehani, wa useremala, wa baiskeli, sina la kuwafundisha zaidi ya sheria ya Papa: kaza, tembea kidogo, rudi ukaze tena. Na wewe mwenye kazi, nenda ukaitazame kwa macho yako. Mimi darasani nimeanza hivi: kila siku wanafunzi watano wanakuja mbele, mmoja mmoja ananisomea, sauti yake naisikia kwa masikio yangu. Kwa siku 20 za shule ni wanafunzi 100. Si haraka, lakini hakuna anayepita bila kuguswa. Yule mtoto wa ile kaye sasa anasoma jina lake na la mama yake, na tumeanza la kijiji chao.

Wazazi, mkiona vema yangu kwenye kaye, mwambieni mtoto awasomee ukurasa huo. Akishindwa, nileteeni, sitakasirika.

Na mkipita pale chini ya mwembe, msimpe Papa pole ya gari. Mpelekeeni baiskeli. Atawatengenezea vizuri, halafu atawaambia mzunguke kidogo na kurudi. Rudini.

Ni mimi mwalimu wenu wa darasa la nne.