Nilidanganya Kuhusu Mchunga Ng'ombe

Nilidanganya darasa zima la kidato cha tano hapa Mbale, na kilichonifanya nidanganye ni katuni ya dakika kama kumi.

Mwezi wa Julai 2023 Disney+ ilitoa Kizazi Moto, mfululizo wa filamu fupi 10 za katuni, hadithi za kubuni za kisayansi kutoka nchi sita za Afrika, zikiongozwa na studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini. Kipindi kimoja, Herderboy, ni cha Mganda mwenzetu Raymond Malinga wa studio ya Creatures, yule aliyetuletea A Kalabanda Ate My Homework mwaka 2017, katuni ya lile zimwi la shule za bweni. Mwalimu anayesimamia klabu ya filamu aliona jina la Kiswahili, akanijia mimi, mwalimu wa Kiswahili. Akaniomba niwaeleze wanafunzi uzuri na udhaifu wa kipindi cha Malinga.

Ningejibu tu kwamba sijakiona. Hakuna ambaye angenilaumu, maana Disney+ haikuwa imefunguliwa Uganda, na zile laibrari za mjini zinazopakia filamu kwenye flashi, nilizoulizia hazikuwa nacho. Lakini kuitwa mtaalamu kuna utamu wake. Nikakubali.

Nilichokuwa nacho ni trela na muhtasari wa sentensi mbili: pembezoni mwa ufalme wa Wachwezi kuna kijana mchungaji, Ndahura, mwenye siri, anayeota kuwa mmoja wa walinzi mashuhuri wa ng'ombe, nusu mtu nusu mashine, na siku moja anakabiliana na mnyama wa kipepo. Kwa mtaji huo mdogo nikasimama mbele ya darasa na kuzungumza kwa ujasiri wa mtu aliyekitazama mara mbili. Nikazisifu rangi. Kisha nikageukia udhaifu, na hapo ndipo nilipofurahia sauti yangu. Nikasema kipindi kimeiba kutoka Black Panther. Nikasema pia, na hili linaniuma zaidi, kwamba Wachwezi ni habari za magharibi, za Bunyoro na Nkore, na sisi huku mashariki, chini ya mlima Wanale, hazituhusu sana.

Msichana mmoja, mtu wa Bukedea huko Teso, akanyoosha mkono. "Mwalimu, siri yake ni nini?"

Nikajibu bila kupepesa macho kwamba Ndahura ni mtoto wa mfalme aliyefichwa tangu utotoni. Akaandika kwenye daftari. Nilikuwa nimemshtaki Malinga kwa kuiga Wamarekani, na papo hapo nikamtungia hadithi ambayo Wamarekani wameichosha.

Likizo ya Krismasi binamu wa msichana yule alirudi kutoka Johannesburg, kipindi kikiwa kwenye tableti. Nilipokutana na msichana karibu na soko kuu alinisalimu kwa adabu zake zote, "Mulembe, mwalimu," kisha akasema siri niliyowaambia haimo. Hakuongeza neno. Nilijaribu kumweleza kwamba huenda kuna matoleo mawili. Ndiyo, hata hapo bado nilikuwa nadanganya. Akanitazama tu, akasema nikitaka kukiona, binamu yake yupo nyumbani mpaka Jumapili.

Nikaenda. Nikakitazama sebuleni kwao, mama yake akinimiminia chai, na aibu ikiniketi shingoni.

Sasa naweza kusema ninachokijua. Nguvu ya kipindi hiki ni kwamba mashine zake zimezaliwa zizini. Hazikuletwa na wageni wala hazikushuka kutoka angani. Zipo kwa sababu ng'ombe ndio uhai wa ufalme na lazima walindwe. Hilo la wizi nililosema halina msingi: simulizi za Wachwezi na mfalme wao Ndahura zilikuwa zikisimuliwa magharibi mwa nchi hii vizazi vingi kabla Marvel haijamchora Black Panther mwaka 1966. Na kijana anayewashwa na hamu ya kuhesabiwa miongoni mwa watu wazima, akagundua kwamba ushujaa una bei ambayo ndoto haikuitaja, Mgisu aliyewahi kukanyaga uwanja wa Mutoto msimu wa imbalu, tohara yetu ya jando, atamwelewa mara moja. (Siri yenyewe sitaitaja. Nimeshaiharibu mara moja.)

Udhaifu upo, ila si ule niliouhubiri. Dakika zile hazitoshi kabisa. Asiyewajua Wachwezi anatupwa katikati ya ufalme bila kushikwa mkono. Na yule mnyama ni mwovu kwa sababu ya kuwa mwovu, basi. Hapo nilimfikiria yule msichana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mifugo ya Teso iliporwa karibu yote, na walioipora walikuwa watu wenye bunduki, wenye njaa na sababu zao, tena wengine majirani. Kipindi kinachohusu kulinda ng'ombe kingeweza kuthubutu kumpa adui sura ya mtu. Huo ndio uhakiki ambao darasa lilistahili kuusikia, na mimi nilikuwa nimewaambia habari hizi hazituhusu, babu za baadhi yao wakiwa ndio walioamka na kukuta mazizi matupu.

Muhula ulipofunguliwa Februari nilirudi darasani nikawaambia kwamba sikuwa nimekitazama, na kwamba siri ile niliitunga. Wachache walicheka. Mmoja akauliza kama vitabu vya fasihi ninavyowafundisha nimevisoma. Nimevisoma, lakini swali lake lilikuwa halali.

Kama anasoma haya mtu mwenye sauti katika televisheni za Uganda, namwomba ashughulikie haki za kukionyesha kipindi hiki. Kinaenea kabla ya taarifa ya habari, na Mbale tuna wanafunzi wanaoweza kukihakiki vizuri kuliko mwalimu wao.