Hadithi ya Mpishi

Hapo kale alikuwako Uingereza mshairi aitwaye Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400. Aliandika habari za mahujaji wapatao thelathini waliokutana katika nyumba ya wageni karibu na London, wakienda Canterbury kuzuru kaburi la Mtakatifu Thomas Becket, aliyeuawa mwaka 1170. Mwenye nyumba akawawekea mashindano: kila mtu asimulie hadithi mbili wakati wa kwenda na mbili wakati wa kurudi, na mshindi alishwe na wenzake. Humo wamo askari wa farasi, msaga unga, mpishi, na mwanamke mwenye mwanya aliyekwisha olewa mara tano.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alipoona tunasinzia, alisema hadithi hizi hazifai dawatini, zafaa garini. Basi tulipokwenda kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Katavi, akaweka mashindano yale yale, na tuzo ni pilau. Mahujaji wa Chaucer waliondoka Aprili. Sisi tukitoka Kasokola mwezi huo, gari lingehiji matopeni. Kwa hiyo tulikwenda Septemba.

Kiranja mkuu, kwa cheo chake, alijifanya askari wa farasi. Kabla hajafika vitani, nusu ya gari ilikuwa imelala. Utingo naye akaleta kisa cha mke wa mtu, mwalimu akakikatiza kwa kukohoa, ingawa alikubali kwamba msaga unga wa Chaucer alisimulia mabaya zaidi.

Ndipo mama mpishi, aliyekaa nyuma na masufuria yake, akasema, "Wanangu, na mimi ninayo yangu. Nilikuwa mtoto mwaka 1972 tulipokimbia Burundi. Tulivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi, watu tumebanana, hata kukohoa marufuku. Mama yangu alificha jogoo ndani ya kitenge. Tulipofika katikati, tukasikia mashua nyingine inakuja. Jogoo akanyosha shingo..."

"Viboko!" mtu akapiga kelele. Tulikuwa tumefika Sitalike, na wakati wa kiangazi viboko hujazana katika Mto Katuma kama viazi sufuriani. Gari zima likahamia madirishani. Wakati wa kurudi, mama mpishi alikuwa amelala fofofo.

Mwalimu alituambia kwamba Chaucer naye aliiacha hadithi ya mpishi wake bila mwisho. Lakini Chaucer hawezi kuulizwa tena. Mama mpishi yuko jikoni, na kila siku hutupakulia ugali.

Kura zote alipata yeye. Ikabaki shida moja: anayepika pilau hapa shuleni ni mshindi mwenyewe. Kwa hiyo sisi wa Kidato cha Tatu tumekata shauri: Jumamosi tutapika sisi, naye akae kitini atuambie kama jogoo aliwika. Pilau ikiungua na iungue. Hadithi haikatizwi tena.