Mwarobaini katika Msitu wa Diani

Baada ya swala ya adhuhuri katika msikiti wa kale wa Kongo, Diani, niliingia na wanangu katika mabaki ya msitu wa pwani, makao ya mbega, kwa idhini ya walinzi wake. Chini ya miti ya asili ilisongamana miche ya mwarobaini. Asili ya mti huu ni Bara Hindi, nasi twaupenda. Utotoni tuliogeshwa kwa majani yake tulipopatwa na surua, na uchungu wake siusahau. Lakini ndege na popo hula matunda yake majumbani mwetu, kisha huziangusha mbegu msituni, zikaota upesi na kuinyima miche ya asili mwanga na nafasi. Ukiukata, kisiki huchipua. Heri kuung'oa ungali mchanga, udongo ukiwa umelowa mvua. Tuling'oa mpaka alasiri. Binti yangu akauliza, "Baba, na ule wa bibi uani?" Marehemu mama yangu ndiye aliyeupanda, hapo Ukunda. Nikanyamaza. Jioni tuliyafagia matunda yote yaliyoanguka. Ya matawi ya juu hatukuyafikia.